Kusoma mvua ya kale kwenye majani yaliyogeuka mawe: mwongozo wa hatua kwa hatua

Katika uwanda wa juu wa Singida kuna mahali paitwapo Mahenge, ambapo hapafai kuchanganywa na Mahenge ya Ulanga, mkoani Morogoro. Takriban miaka milioni 46 iliyopita mlipuko wa volkano ya kimbaliti, yaani mwamba wa jamii ile ile inayotoa almasi kule Mwadui, ulifukua shimo mahali hapo. Shimo hilo likajaa maji, likawa ziwa dogo lililotulia, na chini yake tope laini likatua tabaka juu ya tabaka, likawafunika samaki, vyura, popo na majani ya miti iliyoota kandokando. Mwaka 2004 wataalamu wawili wa mimea ya kale, Bonnie Jacobs na Patrick Herendeen, walitangaza kwamba kwa kuyapima majani hayo wamekadiria mvua ya wakati ule kuwa karibu milimita 660 kwa mwaka. Singida ya leo hupata milimita 500 hadi 800.

Nimeuchagua mfano huu kwa sababu uko kwetu, na kwa sababu jibu lake linashangaza: dunia ya enzi ile, iitwayo Eosini, ilikuwa na joto kubwa kuliko yetu, na wengi walitarajia kwamba Afrika ya tropiki ilikuwa imefunikwa na msitu mnene wa mvua. Majani ya Mahenge yalionyesha pori la miti lenye msimu wa kiangazi, linalokaribiana na miombo. Mwongozo huu unaeleza jinsi jibu la namna hiyo linavyopatikana, kuanzia mwambani hadi kwenye kikokotoo, na unamlenga mwanafunzi wa chuo, mwalimu wa jiografia au biolojia, na yeyote mwenye subira ya kuhesabu.

Hatua ya kwanza: kibali

Kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe cha kale yaliyogeuka jiwe, ni mali ya taifa hata kikiwa kimelala juu ya ardhi katika shamba la mtu. Nchini Tanzania kinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na anayetaka kuchimba huhitaji kibali cha utafiti kutoka COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, pamoja na leseni ya Idara ya Malikale. Nchini Kenya kuna Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006, na leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Baada ya makaratasi hayo, nenda kwa mtendaji wa kijiji na kwa wenye shamba, ueleze unatafuta nini na kwa nini. Watu waliokulia hapo ndio wanaojua ni korongo lipi linaloporomoka kila masika na kuacha mawe mapya wazi.

Hatua ya pili: ujue ziwa lako kabla ya majani yake

Jani haliwi kisukuku pale lilipoota. Linadondoka, linapeperushwa, linaelea, linazama, na katika kila hatua ya safari hiyo kuna majani yanayopotea. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya mwamba ni hili: majani haya yalifikaje hapa? Tope laini lenye matabaka membamba kama kurasa za kitabu lina maana ya maji yaliyotulia, na huenda majani yalitoka kwenye miti iliyo mita chache tu kutoka ufukweni. Mchanga wenye kokoto una maana ya mto, na mto huchana majani makubwa na kuyaleta madogo kutoka mbali. Majivu ya volkano yaliyoanguka ghafla juu ya udongo ni bahati kubwa, kwa sababu huyazika majani ya sakafu ya msitu pale pale yalipokuwa.

Andika unene wa kila tabaka, rangi yake na ukubwa wa chembe zake, kisha utafute tabaka la majivu lililo juu au chini ya majani. Jani lenyewe halitoi umri wake, na kaboni-14 haisaidii zaidi ya miaka 50,000 hivi. Umri hutoka kwenye madini ya volkano. Pale Mahenge ulipatikana kwa kupima urani na risasi ndani ya chembe za zirkoni. Jani lisilo na umri linaweza kukueleza mvua, lakini hutajua ni mvua ya lini.

Hatua ya tatu: kukusanya

Vifaa ni vichache: nyundo ya jiolojia, tindo pana yenye makali membamba, brashi laini, karatasi za chooni za kufungia, magazeti, kalamu ya wino usiofutika, rula, kamera na kifaa cha GPS. Toa bonge la mwamba, lisimamishe kwa ubavu, uweke tindo kwenye mstari wa tabaka na ugonge taratibu ukizunguka pande zote. Mwamba mzuri hufunguka wenyewe kwa sauti kavu, kama ganda la ukwaju lililokauka, na jani huonekana pande mbili: upande mmoja lenyewe, upande wa pili chapa yake. Hifadhi pande zote mbili na uzipe namba moja, ukiongeza A na B. Mara nyingi upande mmoja huhifadhi ukingo na mwingine huhifadhi mishipa.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi bila kujua. Nimewaona wanafunzi wenye bidii wakiweka kando majani mazuri na kutupa vipande vilivyochanika au vijani vidogo visivyopendeza. Baada ya siku tatu huwa na sanduku la kupendeza ambalo halifai kwa hesabu yoyote, kwa sababu ukubwa wa majani ndio unaobeba habari ya mvua, na wao wamekwisha kuuchagua kwa macho. Kanuni ni moja: chagua kipande cha tabaka, kwa mfano mita moja ya mraba, na uhesabu kila jani linalotokea humo, zuri kwa baya. Usilolichukua, liandike. Nashauri mtu asiridhike kabla ya kuhesabu majani 300 hivi, na aendelee hadi aone kwamba aina mpya zimekoma kujitokeza.

Hatua ya nne: kupanga kwa aina

Tandaza vipande vyote mezani, kwenye mwanga unaotoka ubavuni ili mishipa itupe vivuli. Sasa vipange kwa maumbo, bila kulazimisha majina. Angalia ukingo kama ni laini au una meno. Ncha kama ni butu au imerefuka kama mkia. Kitako kama kinalingana pande zote mbili. Na mishipa ya pili kama inakwenda hadi ukingoni au inapinda na kushikana kabla ya kufika. Kila kundi lipe alama, Aina 1, Aina 2, na kadhalika, na uchore au upige picha ya mfano bora wa kila kundi. Tunahitaji aina zisizopungua 20, kwa sababu hesabu zinazofuata hufanywa kwa aina, si kwa idadi ya majani. Mti mmoja uliosimama juu ya maji unaweza kuangusha majani mia moja ndani ya ziwa, na wote bado ni shahidi mmoja.

Mahenge inatufundisha jambo la pekee hapa. Miti mingi ya pale ilikuwa ya jamii ya mikunde, ambayo jani lake limegawanyika kuwa vijijani vingi, kama ilivyo kwa mkwaju au mgunga. Kijijani kimoja kikidondoka peke yake hufanana kabisa na jani dogo kamili. Chunguza kitako chake: kijijani cha mikunde mara nyingi hakina ulinganifu pale chini, upande mmoja ukiwa mpana kuliko mwingine, na kikonyo chake ni kifupi, kinene, chenye mikunjo midogo ya kukingama. Kwa ajili ya vipimo vya tabianchi kijijani huhesabiwa kama jani. Ukipima jani zima la mgunga kama kitu kimoja utapata eneo kubwa mno, na nchi kavu itageuka kuwa ya mvua kwenye daftari lako.

Hatua ya tano: kutafuta ndugu walio hai

Ukishapanga aina zako, nenda nazo hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa. Hebaria ya Afrika Mashariki iliyo ndani ya Makavazi ya Kitaifa mjini Nairobi, ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ile ya Arusha zina mimea iliyokaushwa ambayo unaweza kuilinganisha na visukuku vyako mshipa kwa mshipa. Hoja ya njia hii ni nyepesi: kama mimea mingi ya mahali pamoja ina ndugu ambao leo wote huvumilia kiangazi cha miezi mitano, basi huenda na mahali pale palikuwa na kiangazi.

Hata hivyo, usiliamini jina peke yake. Mojawapo ya mikunde ya Mahenge imetambuliwa kuwa ya jenasi Aphanocalyx. Spishi nyingi za jenasi hiyo leo huishi katika misitu yenye mvua ya Afrika ya kati na magharibi, lakini chache huishi katika nchi kavu zaidi upande wa Zambia. Aliyeliona jina tu angeweza kuitangaza Singida ya kale kuwa msitu wa Kongo. Tena, kadiri unavyorudi nyuma ndivyo ndugu wanavyopungua. Makaa ya mawe ya bonde la Ruhuhu, kusini-magharibi mwa Tanzania, yana majani ya Glossopteris yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 250, na mmea huo haukuacha mzao hata mmoja anayefanana nao. Hapo hebaria inanyamaza, na unabaki na umbo la jani, makaa yenyewe yanayoonyesha kinamasi, na mwamba unaoyazunguka.

Hatua ya sita: kupima ukubwa na kukadiria mvua

Huu ndio moyo wa kazi. Jani hupoteza maji kwa kadiri ya eneo lake, kwa hiyo mahali pakavu majani makubwa ni gharama ambayo mti hauwezi kuimudu. Yeyote aliyesafiri kutoka Amani, kule Usambara, hadi Dodoma ameliona jambo hili kwa macho hata kama hakulipa jina.

Eneo la jani hukadiriwa kwa kuzidisha urefu kwa upana, kisha kuchukua theluthi mbili ya jibu. Jani la urefu wa milimita 60 na upana wa milimita 30 lina eneo la milimita za mraba 1,200 hivi. Jani lililokatika ncha unaweza kulikamilisha kwa kufuata mkunjo wa ukingo wake, mradi uandike kwamba umefanya hivyo. Kila aina ipe wastani wake kutokana na majani yote ya aina hiyo uliyoyapima.

Kisha badili kila eneo kuwa logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), utafute wastani wa logi hizo, na uutie katika mlinganyo uliotolewa mwaka 1998 na Peter Wilf na wenzake kutokana na sampuli za mimea hai ya Amerika na Afrika: logi asilia ya mvua ya mwaka, kwa sentimita, ni sawa na 0.548 mara wastani huo, jumlisha 0.768.

Tuchukue mfano mdogo wa kubuni wenye aina nne, ili hesabu ionekane. Maeneo yake ni milimita za mraba 300, 700, 1,200 na 3,000. Logi zake ni 5.70, 6.55, 7.09 na 8.01, na wastani ni 6.84. Zidisha kwa 0.548, upate 3.75, jumlisha 0.768, upate 4.52 hivi, rudisha kutoka kwenye logi, upate sentimita 91 na ushei, yaani takriban milimita 915 za mvua kwa mwaka. Anayekosea mpangilio, akatafuta kwanza wastani wa maeneo (1,300) na baadaye ndipo achukue logi, atapata karibu milimita 1,100. Tofauti hiyo imezaliwa mezani na haina uhusiano wowote na mvua ya kale.

Lakini jibu letu bado halijakamilika. Mlinganyo huo una kosa sanifu, yaani kiasi ambacho makadirio yake kwa kawaida hukosea, la 0.359 kwa kipimo cha logi, maana yake ni kwamba 915 yetu inasimama mahali fulani kati ya milimita 640 na 1,310. Ni upana mkubwa, na ni wajibu wetu kuuandika. Ndiyo sababu Jacobs alikusanya majani ya mimea ya leo kutoka sehemu nyingi za Afrika ya tropiki na mwaka 1999 akachapisha milinganyo inayotokana na Afrika yenyewe, ili majani ya bara hili yasisomwe kwa kipimo cha misitu ya mabara mengine. Kwa Mahenge, upana wa makadirio hayo ulikuwa milimita 140 juu au chini ya 660. Anayefanya kazi katika eneo letu aanze na milinganyo hiyo, na ule wa 1998 autumie kwa kulinganisha.

Kumbuka pia kwamba mti mmoja una majani ya aina mbili. Chuma jani la mwembe kutoka ncha ya tawi linalochomwa na jua mchana kutwa, na jingine kutoka ndani kwenye kivuli karibu na shina, uyaweke pamoja mezani: la kivuli mara nyingi ni pana na jembamba kwa unene, la jua ni dogo na gumu. Ziwani huingia zaidi yale ya jua, yaliyo juu ambako upepo hupiga. Kwa hiyo makadirio ya mvua kutokana na ziwa huelekea upande wa ukavu, nawe useme hivyo mapema kabla msomaji mkali hajakuuliza.

Kabla ya kugusa visukuku, fanya jaribio hili kwa majani ya leo. Kusanya majani yaliyozama katika bwawa lililo karibu na kituo cha hali ya hewa, uyapitishe katika hesabu hizi zote, na ulinganishe na mvua iliyopimwa. Kama bwawa limo ndani ya hifadhi ya msitu, kama Pugu nje ya Dar es Salaam, omba ruhusa kwanza. Wiki moja ya zoezi hilo inafundisha mengi kuliko mihadhara ya muhula mzima, kwa kuwa jibu sahihi linajulikana na makosa yako yanaonekana.

Hatua ya saba: ukingo wa jani na joto

Tangu mwaka 1915, Bailey na Sinnott walipolionyesha jambo hili, inajulikana kwamba katika nchi za joto aina nyingi za miti huwa na majani yenye ukingo laini, na katika nchi za baridi meno huongezeka. Mlinganyo unaotumika sana, uliotokana na misitu ya Asia ya Mashariki, unasema: wastani wa joto la mwaka ni 30.6 mara sehemu ya aina zenye ukingo laini, jumlisha 1.14. Aina 25 zikiwa na asilimia 70 zenye ukingo laini, joto ni nyuzi 22.6, na kosa la uteuzi peke yake, yaani lile linalotokana na uchache wa aina zilizohesabiwa, ni karibu nyuzi 2.8.

Kwa Afrika ya tropiki sishauri kuutegemea. Katika nyanda zetu za chini joto halitofautiani sana kati ya mahali na mahali. Kinachotofautiana ni mvua na urefu wa kiangazi, na karibu kila mti una ukingo laini. Tena, mimea ya kandokando ya maji ina meno zaidi kuliko ile ya mbali nayo, hivyo ziwa huweza kuleta baridi ya uongo. Hesabu meno, uyaandike, lakini usijenge hoja juu yake.

Hatua ya nane: mashahidi wengine

Jani halitoshi peke yake. Katika mwamba ule ule chukua vipande vya kupelekwa maabara kwa ajili ya chavua, yaani unga wa maua, ambayo husafiri mbali na kueleza mimea ya eneo pana kuliko majani. Chavua ndiyo iliyoonyesha, katika mashapo ya Ziwa Viktoria, kwamba mwishoni mwa zama za barafu nyasi zilitawala kandokando ya ziwa lililokuwa limekauka, na msitu ukaja baadaye. Tafuta pia fitolithi, yaani chembe za silika zinazotengenezwa ndani ya mimea, hasa nyasi, kwa kuwa majani ya nyasi hayahifadhiki vizuri.

Isotopu za kaboni, yaani atomi za kaboni zenye uzito tofauti, hutenganisha makundi mawili ya mimea: miti na nyasi za ubaridi huwa na thamani inayozunguka hasi 27 kwa elfu, na nyasi za savana ya joto karibu hasi 13. Kwa njia hizi mbili pamoja, mwaka 2023 watafiti waliochunguza maeneo ya Kenya na Uganda walionyesha kwamba nyasi za savana zilikuwapo Afrika Mashariki tangu miaka milioni 21 iliyopita, mapema mno kuliko ilivyodhaniwa. Mashahidi wakikubaliana, andika kwa uhakika. Wasipokubaliana, usimfiche yeyote. Huenda jani linasimulia ufukwe na chavua inasimulia mlima ulio nyuma yake.

Hatua ya tisa: kuandika matokeo

Andika jibu kama masafa, si namba moja. Taja idadi ya majani, idadi ya aina, mlinganyo uliotumia, na aina ya mwamba. Eleza pia mahali penyewe palikuwa wapi wakati huo, maana bara letu limesogea kuelekea kaskazini. Mahenge ya miaka milioni 46 iliyopita ilikuwa kusini zaidi, kwenye latitudo inayokaribia ya Zambia ya leo, na ukavu wake lazima usomwe pamoja na jambo hilo.

Jihadhari na kuchora mstari mnyoofu kati ya nukta mbili. Ilizoeleka kusimuliwa kwamba Afrika Mashariki ilianza na msitu kisha ikakauka hatua kwa hatua hadi savana. Mahenge ilikuwa na pori kavu miaka milioni 46 iliyopita. Katika milima ya Tugen, Baringo, majani ya Kabarsero ya miaka milioni 12.6 iliyopita yanaonyesha msitu wa mvua. Na katika milima hiyo hiyo majani ya Kapturo, ya miaka milioni 7 hivi, yanarudi kwenye ukavu. Mahali pamoja, wakati mmoja, ndiyo madai makubwa kabisa ambayo tabaka moja la majani linaweza kubeba.

Mwisho kabisa, kabidhi kila kitu makumbusho, pamoja na vipande ulivyoshindwa kuvitambua. Visiache sanduku lao, na ndani ya sanduku weka karatasi yenye namba ya tabaka, tarehe, vipimo vya GPS na jina la kijiji, iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino hufifia kwa unyevu wa ghala.